Mvumo katika spika za nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Goma

Majibu haya yanawahusu wenye amplifaya na spika sebuleni, wenye spika zilizojengewa amplifaya ndani, na wenye seti za kutazamia filamu zilizounganishwa na televisheni. Umeme unaozungumziwa ni ule tunaoutumia Goma, yaani volti 220 na hezi 50, uwe umetoka kwenye vituo vya mto Ruzizi kwa njia za SNEL, shirika la umeme la taifa, katika kituo cha Matebe kilichozinduliwa mwaka 2015 kule Rutshuru, kwenye betri za sola au kwenye jenereta ya uani. Kabla ya kusoma zaidi, kumbuka mvumo wako husikika mkiwa kwenye chanzo gani cha umeme na hutoweka mkiwa kwenye kipi, kwa sababu habari hiyo peke yake huweza kumaliza nusu ya kazi.

Mvumo ni nini hasa?

Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo wake, kwenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde. Amplifaya haiwezi kupambanua umeme huo na muziki: chochote kinachoingia kwenye njia ya sauti, hata kikiwa sehemu ndogo sana ya volti, hukuzwa na kupelekwa kwenye spika. Mvumo, basi, ni umeme wa ukutani uliopata mlango wa kuingilia mahali pasipo pake, na kazi yote ni kuutafuta mlango huo.

Sikiliza vizuri aina ya mlio. Mvumo mzito na laini wa hezi 50 kwa kawaida huingia kupitia kebo au kwa sababu ya ardhi mbili, yaani njia mbili za umeme kufika ardhini, zinazokutana. Mvumo wa hezi 100, ambao uko juu zaidi na ni mgumu kidogo, mara nyingi hutoka ndani ya amplifaya yenyewe, kwenye sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa mkondo mmoja. Mlio mkali kama wa nyuki huwa umebeba mawimbi mengi ya juu, na huletwa na inveta za bei nafuu, taa za LED, vififishaji vya taa na chaja. Anayepiga kinanda kwaya anaweza kusaidia hapa: hezi 50 na hezi 100 zote mbili ziko juu kidogo tu ya noti ya sol, zikipishana kwa oktava moja.

Nianzie wapi kutafuta?

Anza na kitufe cha sauti, wala usianze na pochi. Washa amplifaya bila kupiga muziki wowote, kisha panda na shuka na sauti taratibu. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na kitufe, unaingia kabla ya kitufe hicho, yaani katika vyombo vilivyounganishwa, katika kebo zake, au katika hatua ya kwanza ya amplifaya. Ukibaki vilevile hata sauti ikiwa sifuri, tatizo liko baada ya kitufe, na karibu kila mara ni ndani ya amplifaya.

Hatua ya pili ni kuzima amplifaya, kuchomoa kebo zote za sauti zinazoingia na kuacha spika peke yake, kisha kuwasha tena. Ukimya ukirudi, rudisha kebo moja baada ya nyingine, ukizima kila mara kabla ya kuchomeka, mpaka mvumo urudi. Kebo iliyourudisha ndiyo ya kushughulikiwa. Zingatia kwamba kuchomoa kebo ya sauti kwa upande wa televisheni pekee, huku upande wa amplifaya umebaki umechomekwa, hakutoshi: kebo inayoning'inia huwa antena, nayo itavuma kwa sababu zake yenyewe na kukupotosha. Wengi hukwama hapo na kuhukumu amplifaya isiyo na kosa.

Angalia pia kama spika zote mbili zinavuma sawasawa. Spika moja ikivuma na nyingine ikinyamaza, badilishana kebo za kushoto na kulia kwenye mlango wa amplifaya. Mvumo ukihamia spika ya pili, kosa liko kwenye kebo au kwenye chombo kinachotoa sauti. Ukibaki palepale, kosa liko kwenye amplifaya. Spika isiyo na amplifaya ndani yake haiwezi kutengeneza mvumo yenyewe, kwa hiyo kuinunulia mbadala ni kutupa pesa.

Kwa nini mvumo huanza ninapounganisha televisheni, dekoda au kompyuta?

Hii ndiyo hali inayoulizwa kuliko zote, na ndiyo inayohitaji maelezo marefu.

Vyombo viwili vinapounganishwa kwa kebo ya sauti, maganda yao ya chuma huunganishwa pia kupitia kinga ya kebo hiyo. Ikiwa kila chombo kina njia nyingine ya kufika ardhini, kimoja kwa pini ya tatu ya plagi na kingine kwa kebo ya antena, hutokea duara la nyaya ambalo umeme mdogo huzunguka ndani yake. Duara hilo hupita katika kinga ya kebo ya sauti, na tofauti hata ya milivolti moja kati ya pande mbili huweza kusikika usiku nyumba ikiwa imetulia.

Katika nyumba za Goma, dishi ndilo mshukiwa wa kwanza. Limefungwa kwa boliti kwenye nguzo ya chuma, nguzo imeshikwa na mabati, mabati yanagusa waya wa jirani au nondo za ukuta, na kebo inateremka moja kwa moja hadi nyuma ya dekoda. Jaribio lake ni rahisi: zima kila kitu, fungua kichwa cha kebo ya dishi nyuma ya dekoda, washa tena usikilize. Mvumo ukikatika mara moja, duara umelipata. Kwa kompyuta ya mkononi jaribio ni jepesi zaidi: chomoa chaja, acha itumie betri. Ukimya ukija, njia inapita kwenye chaja.

Tiba nzuri kuliko zote ni kukata uhusiano wa shaba kati ya vyombo viwili na kuacha sauti pekee ipite. Televisheni nyingi za sasa zina mlango wa sauti wa mwanga, ambao hupitisha sauti kwa uzi wa plastiki usiobeba umeme wowote. Ikiwa amplifaya yako haina mlango huo, kuna vigeuzi vidogo vinavyopokea mwanga na kutoa sauti kwa kebo za kawaida za nyekundu na nyeupe. Lakini kigeuzi hicho kisipewe umeme kutoka mlango wa USB wa televisheni ileile, kwa maana utakuwa umelirudisha duara kwa mlango wa nyuma. Kipe chaja ndogo ya simu iliyo peke yake. Bluetooth nayo hukata duara, kwa gharama ya sauti kuchelewa kidogo nyuma ya midomo ya wasemaji.

Njia nyingine ni transfoma ndogo ya kutenganisha, inayowekwa kwenye kebo ya sauti. Za bei ya chini hupunguza besi, na mpenda rumba ataligundua hilo tangu wimbo wa kwanza. Vitenganishi vya kuweka kwenye kebo ya antena vinafaa kwa antena ya kawaida ya televisheni tu: usiviweke kwenye kebo ya dishi, kwa sababu dekoda hupeleka umeme wa kuendeshea kichwa cha dishi kupitia kebo hiyohiyo, na ukiuzuia picha zote zitapotea.

Nimeambiwa nikate pini ya ardhi ya plagi. Je, ni sawa?

Hapana. Ni kweli kwamba mvumo unaweza kukatika, na ndiyo maana ushauri huu unaendelea kuzunguka. Pini hiyo ipo ili siku waya wa moto utakapogusa ganda la chuma ndani, umeme upate njia nyingine isiyo mwili wa mtu. Ukishaikata, ganda la amplifaya linaweza kushika volti 220 bila dalili yoyote, na kupitia kebo ya sauti hata ganda la chombo cha pili litashika. Kata duara upande wa sauti, kama ilivyoelezwa hapo juu, na uache ardhi ya plagi ilivyo.

Fundi anataka kuchimbia nondo ya ardhi ya muziki peke yake. Je, itasaidia?

Kwanza, ardhi ya Goma si ya kuchezea. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mwamba wa lava ya Nyiragongo, na mitaa iliyopitiwa na mkondo wa Januari 2002 hadi ziwani ina jiwe jipya kabisa, lenye matundu ya hewa na lisilotunza unyevu. Jiwe kama hilo halipitishi umeme vizuri. Nondo ya mita moja na nusu iliyogongwa kwa nguvu mpaka ikapinda, au iliyosimamishwa katika shimo lililojazwa vipande vya lava, ni pambo zaidi ya ardhi. Fundi anayejua kazi yake hulaza waya mtupu wa shaba katika mtaro wa msingi wa nyumba, huuzungushia udongo wa mfinyanzi ulioletwa kutoka mahali pengine, na mwishoni hupima kwa telurometa, kifaa cha kupimia ubora wa ardhi. Asiyepima anakisia.

Pili, hata ardhi nzuri haifuti mvumo wa duara, kwa kuwa duara halihitaji udongo kabisa. Linazunguka ndani ya nyaya za nyumba. Nondo ya pili isiyounganishwa na ya kwanza huongeza duara jipya. Tena ni hatari wakati wa radi, nasi tunaishi katika eneo linalopigwa sana na radi: ardhi mbili zilizotengana huweza kutofautiana kwa maelfu ya volti kwa kufumba na kufumbua, na tofauti hiyo itapita katika amplifaya yako kutoka moja kwenda nyingine. Nyumba ikiwa na nondo tatu au nne, zote zifungwe pamoja kwa waya mmoja mnene.

Kama una fedha za kitu kimoja tu, nunua disjonkta diferensieli ya miliampea 30, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Hata ardhi dhaifu ya ohmu 500, ambayo ni ya kawaida juu ya lava, haitaliacha ganda lishike zaidi ya volti 15 hivi kabla ya disjonkta hiyo kukata. Haitapunguza mvumo hata chembe. Itawalinda watoto wanaogusa redio.

Nyumba yetu ya mbao haina ardhi, na nikigusa amplifaya nasikia kama inanichoma kidogo. Je, ni hatari?

Vyombo vingi vya kisasa vina kapasita ndogo, yaani vipande vinavyotunza umeme kidogo, zinazounganisha waya za umeme na ganda ili kupunguza kelele za redio. Pasipo ardhi, kapasita hizo huliacha ganda lielee kwenye karibu nusu ya volti za nyumbani, kwa mkondo mdogo sana. Mguso huo hutekenya zaidi kuliko kuchoma, na mkondo huohuo ukipita kwenye kebo ya sauti huleta mlio mkali kama wa nyuki. Plagi ya pini mbili jaribu kuigeuza kwenye priza. Wakati mwingine mlio hupungua sana, na jaribio halina gharama. Ila mguso ukikurusha mkono au ukikaza misuli, hilo si jambo la kapasita tena. Chomoa, na chombo kifunguliwe na fundi kabla hakijarudishwa kwenye umeme.

Mbona mvumo huja jioni tu?

Kwa sababu jioni kila nyumba inapika, inapasha na kuwasha. Volti zinashuka, hasa katika nyumba zinazochukua umeme kwa jirani kupitia waya mrefu na mwembamba uliopita juu ya mabati. Amplifaya za transfoma hutegemea akiba fulani ya volti ili visawazishi vya ndani vifanye kazi. Akiba ikiisha, mawimbi ya hezi 100 hupenya hadi kwenye sauti. Mwombe fundi apime volti kwenye priza saa mbili za usiku, amplifaya ikiwa inafanya kazi. Akikuta 170 au chini yake, tiba ni waya mnene zaidi au kidhibiti volti, na hakuna kebo ya sauti itakayokuponya. Vyombo vilivyoandikwa nyuma volti 100 hadi 240 havisumbuliwi sana na hali hii.

Kwenye umeme wa sola kunavuma, kwenye umeme wa mji kimya. Kwa nini?

Inveta nyingi za bei nafuu, zile wengi wanazoziita konvertisa, hazitoi wimbi laini. Hutoa ngazi za mraba zinazopanda na kushuka ghafla, na ncha zake kali hupenya transfoma ya amplifaya na kufika kwenye sauti. Kichujio kidogo cha dukani hakiwezi kulainisha wimbi la namna hiyo. Inveta ya wimbi safi ndiyo jibu, na kwa amplifaya ya sebuleni haihitaji kuwa kubwa. Amplifaya inayotumia wati 80 kwa sauti ya kawaida itatosheka na inveta safi ya wati 300, huku ile kubwa ya zamani ikiendelea kuwasha taa.

Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi kwa nyumba zinazoishi kwa betri, ni kutumia amplifaya ya volti 12 iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na kichwa cha betri. Hakuna wimbi la ukutani hapo, basi hakuna mvumo. Tahadhari ni moja: ukichaji simu kutoka betri hiyohiyo huku simu imeunganishwa na amplifaya kwa kebo, utasikia mluzi mwembamba, maana umelijenga duara dogo la volti 12.

Mlio unaosikika jua likiwaka na kutoweka usiku hutoka kwenye kidhibiti cha chaji cha paneli. Ondoa nyaya za paneli karibu na kebo za sauti, na uzisokote mbili mbili.

Na jenereta?

Mvumo wa jenereta hubadilika: mtu akiwasha pasi, mashine hulemewa, nao mvumo hushuka noti kidogo. Ukisikia hivyo umeshajua chanzo. Mlango wa kuingilia utafute kama ilivyoelezwa juu.

Nimechomoa kebo zote na bado inavuma. Nifanye nini?

Ikiwa mvumo ni wa hezi 100, uko kwenye spika zote mbili na haujali kitufe cha sauti, kapasita kubwa za kusafishia umeme zimechoka. Ni mitungi miwili karibu na transfoma, mara nyingi ya mikrofaradi 4,700 hadi 10,000. Iliyokufa hutambulika kwa macho: kofia yake ya juu, ambayo hutakiwa kuwa bapa, huwa imevimba kama kifuniko cha kopo lililoharibika, na chini yake pengine pana utando wa kahawia uliokauka juu ya bodi. Nyingine hufa bila kuonyesha lolote. Joto ndilo adui: kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa karibu nusu, na amplifaya iliyofunikwa kitambaa cha kufuma juu ya kabati haina pa kupumulia.

Kazi hii mpe fundi. Mitungi hiyo hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, na inapaswa kumalizwa umeme kwa rezista, si kwa bisibisi kama wengi wanavyofanya kwa cheche na kelele. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na ikiwezekana iwe ya nyuzi 105. Usikubali iliyong'olewa kwenye chombo kingine kibovu.

Spika moja ikinguruma kwa nguvu mara tu unapowasha, na koni yake ikasukumwa nje au kuvutwa ndani ikabaki hapo, zima papo hapo. Transista ya mwisho imeungua, na sekunde chache zinatosha kuiunguza spika nayo.

Spika ziko kimya, lakini sanduku la amplifaya lenyewe linanguruma.

Huo ni mtetemo wa transfoma, si tatizo la sauti. Husababishwa na boliti zilizolegea, volti zilizozidi, au wimbi baya la inveta. Kaza boliti, weka mipira chini ya miguu ya sanduku.

Ule mlio wa ti-ti-ti kabla simu haijaita?

Simu inapotumia mtandao wa 2G hurusha redio kwa vipande vipande, takriban mara 217 kwa sekunde, na kebo ya sauti huvipokea. Weka simu mita moja au zaidi kutoka kwenye amplifaya. Wanaosikia sauti ya mtangazaji wa redio wakati hakuna redio iliyowashwa wana ugonjwa wa jamaa moja: wafupishe kebo, na wavishe pete ya feriti mwishoni mwake.

Kisahani cha kuchezea santuri kinavuma kuliko kila kitu.

Ni kawaida, kwa kuwa sindano yake hutoa milivolti 5 hivi, wakati kicheza CD hutoa hadi volti 2. Waya mwembamba wa pekee unaoning'inia nyuma yake ufungwe kwenye skurubu ya ardhi ya amplifaya, na kisahani kisiwekwe juu ya transfoma.

Ninunue kebo ya namna gani Birere?

Bei kubwa si dawa. Fungua kofia ya kichwa cha kebo uangalie: kinga ya nje, yaani nyuzi za shaba zilizosukwa, lazima zizunguke waya wa katikati na kuunganishwa kwa risasi kwenye ganda la kichwa. Nyingi zinazovuma nilizozifungua zilikuwa na nyuzi tano au sita tu, tena zimekatika palepale kebo inapopindwa. Chagua fupi inayotosha. Kwa spika ya besi iliyo mbali, pitisha kebo yake ukuta tofauti na ralonji, yaani waya wa kurefushia umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa msalaba, zisilale sambamba.

Mvumo mkubwa umetokea ghafla, na taa nyingine zinawaka kupita kiasi huku nyingine zikififia.

Hilo halihusu spika. Waya wa nyutro umekatika mahali fulani, kwenye nguzo au kwenye mita, na vyombo vyako vinaweza kupokea hadi karibu volti 400. Zima disjonkta kuu kwanza, chomoa amplifaya, televisheni na friji, uwaarifu majirani mnaotumia laini moja, na usichomeke chochote hadi fundi atakapopima volti kwenye kila priza.